Muuaji Mmoja, Mahakama Ngapi?

Vijana wenzangu, huko Marekani kesi ya mauaji kwa kawaida ni ya jimbo, si ya Serikali Kuu. Je, muuaji akivuka mipaka?

Oktoba 2002, John Allen Muhammad na kijana wa miaka 17, Lee Boyd Malvo, waliua kwa bunduki watu 10: Maryland 6, Virginia 3, jijini Washington 1. Walikamatwa Maryland. Lakini Serikali Kuu, iliyokuwa imewashikilia, iliwapeleka Virginia kwanza. Kwa nini? Sheria ya Virginia wakati ule iliruhusu kumuua hata wa miaka 17. Ya Maryland ilikataa.

Malvo akaambulia kifungo cha maisha. Muhammad akauawa kwa sindano mwaka 2009.

Jamani, anayechagua mahakama amekwisha chagua nusu ya hukumu!