Rangi ya Rimu na Uchafu Ulio Chini Yake

Hakuna kosa linalorudiwa gereji baada ya gereji kama la rimu iliyong'aa wiki mbili kisha ikaanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na kila mara lawama hutupiwa rangi, ilhali kasoro imo chini yake, katika uchafu uliofunikwa badala ya kuondolewa. Vumbi la breki, yaani chembe za chuma zinazoruka zikiwa za moto kila dereva anapokanyaga breki, hung'ang'ania rimu, wala haliondoki kwa maji na sabuni ya asubuhi; tena wapo wanaopaka tairi dawa ya silikoni kila Jumamosi, wasijue kwamba dawa hiyo hurukia rimu na kuifanya rangi mpya ijikunje na kuacha vishimo.

Inasikitisha kwamba fundi mwenye kompresa nzuri huona uvivu kushika msasa. Rimu huoshwa, hufutwa mafuta, husuguliwa kwa msasa namba 320 hadi mng'ao wa zamani ufifie wote, kisha hufutwa tena, kwa sababu hata mafuta ya vidole huizuia rangi kushika. Aluminiamu iliyo tupu huhitaji praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshikana na metali, ndipo rangi yenyewe ipulizwe kwa matabaka membamba. Wapo waliolipia rimu zilezile mara tatu kwa sababu hatua hizi zilirukwa mara tatu.

Mng'ao wa kudumu hutokana na klia, ile vanishi angavu inayochanganywa na hadina ili igande kwa kemikali badala ya kukauka tu. Hadina nyingi zina isosayaneti, kemikali iwezayo kumwachia fundi pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii hata kidogo. Kinga yake ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Sehemu za rimu zinapokalia nati nazo zizibwe kabla ya kupuliza, kwani rangi iliyo chini ya nati husagika, nati zikalegea, na gurudumu likaweza kuchomoka njiani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena.

Rangi gani ichaguliwe, hilo ni la mwenye gari. Lakini kabla kopo halijafunguliwa na aigeuze rimu, atazame upande wa ndani unaoelekea breki: ukiwa bado mweusi, airudishe ikasafishwe.