Kutoa ni Moyo: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Hesabu za hisa na mikopo amekwishazisoma mweka hazina, hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tunataka kuzungumzia jambo moja ambalo halina ukurasa katika daftari letu. Nalo ni kutoa damu au kiungo cha mwili ili mwingine aishi, hasa wakati nyumba ina msiba.

Kikundi chetu ni cha kufa na kuzikana. Miaka kumi tumepika misibani, tumechanga, tumelala matanga. Tunajua nyumba inavyokuwa wageni wakishaondoka. Mwenzetu mmoja alifiwa na kijana wake kwa ajali ya pikipiki. Kijana aliongezewa damu ya watu asiowajua, akaishi siku moja zaidi, Mungu akamchukua. Baada ya matanga mama yake akatuambia, "Watu wale walinipa nafasi ya kumuaga mwanangu. Deni hili namlipa nani?" Tangu hapo, kila mwaka ikifika tarehe ile, yeye, mumewe na watoto wakubwa huenda hospitali ya Mount Meru kuchangia damu. Kijana harudi. Ila mama anasema tarehe ile zamani ilikuwa ya kulia tu, siku hizi ina kazi.

Katika kikao chetu kimoja muuguzi alitusimulia habari ya Cape Town, Afrika Kusini. Tarehe 2 Desemba 1967, Denise Darvall, binti wa miaka 25, aligongwa na gari akivuka barabara pamoja na mama yake. Mama alifariki palepale. Binti aliumia kichwa, madaktari wakaona hatapona. Wakamwomba baba yake, Edward Darvall, moyo wa mwanawe wampandikize mgonjwa aitwaye Louis Washkansky. Hebu fikirini, jamani: mtu amefiwa na mke, na mtoto ndiye huyo. Alikaa kimya dakika chache. Akakumbuka zawadi ambayo binti yule alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Akakubali.

Daktari Christiaan Barnard na wenzake wakafanya kazi hiyo usiku, ikawa mara ya kwanza duniani moyo wa mtu kupandikizwa kwa mtu mwingine. Washkansky aliishi siku 18. Figo moja ya binti alipewa Jonathan van Wyk, mtoto wa miaka 10, ambaye hakuwa mzungu. Enzi hizo makaburu walitenganisha watu kwa rangi, lakini figo haikuuliza rangi.

Msidhani ni mambo ya mbali. Hapa kwetu Tanzania, Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka 2018. Figo hizo hutolewa na ndugu walio hai, maana Mungu ametupa mbili na mtu anaweza kuishi na moja.

Tunajua wapo wanaoogopa, na wapo wanaosema ukoo hautakubali. Hatumlazimishi mtu. Waulizeni mapadre, wachungaji na masheikh wenu. Lakini yazungumzeni nyumbani mkiwa wazima, mkiwa mmekaa mnakunywa chai, kwa sababu siku ya msiba akili haipo.

Damu, akina mama, hiyo haihitaji kikao cha ukoo. Nayo ina benki yake: haina riba, wala anayekopa haombwi mdhamini. Ila haikai kama fedha zetu za sandukuni. Baada ya siku 35 hivi huharibika, kwa hiyo lazima watu waweke kila mara. Mwenye miaka 18 hadi 65, mwenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne.

Kwa hiyo tunaomba tuazimie leo: kila tunapoondoa tanga la mwenzetu, wenye uwezo tukachangie damu kwa jina la marehemu. Rambirambi ya fedha tutaendelea kuitoa kama kawaida. Hii iwe ya pili.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.