Watoto Wetu Nao Wapate Njia Isiyo na Magari

(Mazungumzo na wazazi na viongozi wa vijana wa jumuiya ndogo ndogo za Kabiro, baada ya Misa ya pili)



Wazazi wapendwa, viongozi wa jumuiya, na nyinyi vijana mliojazana pale nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kubaki. Najua wengine mmeacha vibanda vimefungwa na saa hii ndiyo wateja wanapita. Sitawachelewesha.

Nimekuja na jambo la baiskeli. Mama mmoja ameniuliza pale nje, "Dada, mwezi huu tunahangaika na karo na kodi ya nyumba, na wewe unatuletea mambo ya kucheza?" Mama, swali lako ni zuri. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu utoe hukumu.

Mnazikumbuka zile baiskeli tano ambazo kikundi cha vijana kilipewa. Miaka miwili iliyopita kijana wetu mmoja wa miaka 13 alitumwa maziwa, akachukua moja. Matatu moja ikambana kando ya barabara na kumtupa mtaroni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Leo anatembea, tunamshukuru Mungu, lakini bado anachechemea. Jioni ile ile mimi mwenyewe nilizifungia baiskeli zote stoo, nikatia kufuli. Hakuna aliyelalamika, na mimi nikajiona nimefanya kazi yangu.

Juzi nilifungua stoo kutafuta viti vya matanga. Matairi yamekauka, cheni zimeota kutu, panya wamezalia kwenye kiti kimoja. Nikajiuliza: hivi tuliwalinda watoto, au tulijilinda sisi wakubwa tusije tukalaumiwa? Maana watoto wenyewe hawakukaa nyumbani. Wanacheza mpira kwenye barabara hiyo hiyo. Wengine nawaona wananing'inia mlangoni mwa matatu. Kwa hiyo kosa la kwanza nalikubali mimi: nilifunga baiskeli, sikutafuta njia.

Leo nataka tuitafute pamoja. Nina mambo manne.

Kwanza, hofu yenu ni ya haki. Katika miaka ya 2021 hadi 2024, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 walikufa kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la watu wanaotembea kwa miguu. Hapa kwetu matatu, boda boda, mkokoteni na mama aliyebeba mboga wanagombania nafasi moja. Sitasimama hapa nimwambie mzazi amwachie mtoto wake baiskeli katikati ya vurugu hiyo.

Pili, njia zisizo na magari ziko, na haziko mbali. Hata jina la jirani zetu wa Kibera linatukumbusha: kwa Kinubi, kibra ni msitu. Wazee wa Kinubi walipokaa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa msitu kweli. Msitu wa Ngong Road ulitangazwa rasmi mwaka 1932 ukiwa na hekta zaidi ya 2,900. Leo umebaki chini ya nusu, na barabara kuu ya Southern Bypass imepita katikati. Lakini kilichobaki bado ni msitu. Upande mwingine wa mji kuna Karura, karibu hekta 1,000, wenye njia za udongo na changarawe zaidi ya kilomita 50 ndani yake. Hakuna matatu huko. Mtoto anasikia ndege na anasikia matairi yake yakisaga mawe.

Na tukielekea Kikuyu, mji unapokwisha, kuna njia za vumbi zinazopanda na kushuka katikati ya mashamba ya mahindi na viazi, na ukizidi kupanda kuelekea Limuru unakutana na majani chai. Ni huko kijiji cha Mai-a-Ihii ambako David Kinjah, mwendeshaji baiskeli wetu wa siku nyingi, amekuwa akifundisha watoto wa kawaida nyumbani kwake. Kikundi chake kinaitwa Safari Simbaz. Watoto wanajifunza kupanda, na wanajifunza pia kufungua gurudumu, kuziba pancha na kunyoosha spoki. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Kijana huyo alikwenda Ulaya akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisemi watoto wa Kabiro wote watashinda Ufaransa. Nasema aliyeshinda alianzia kwenye vumbi la jirani zetu, na sisi hata hatujawahi kuwapeleka wetu wakalione.

Tatu, tusidanganyane: njia isiyo na magari si njia isiyo na hatari. Changarawe inateleza. Mtoto akifunga breki ya mbele ghafla kwenye mteremko, anaruka juu ya usukani. Mkenya mwenzetu Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alianguka na kufa mwaka 2022 katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa bingwa, na alikufa. Hayo yalikuwa mashindano ya mwendo wa kasi, sisi hatutashindana. Lakini nimemtaja ili mzazi asije akasema nilimficha.

Baba mmoja aliniambia, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Ni methali ya kweli, mzee wangu, nami sipendi kilio nyumbani kwa mtu. Lakini anayefundishwa kushika breki polepole, kutazama mbele na kushuka akasukuma pale asipopaweza, huyo si shujaa wa kujitafutia kilio. Huyo amefundishwa. Sisi tulimpa kijana wetu baiskeli bila kumfundisha, tukamtuma barabarani.

Nne, msitu huo ni haki yetu pia. Watu wengi wa mtaani wanafikiri Karura ni ya mabalozi na matajiri wa Muthaiga. Kumbukeni Profesa Wangari Maathai. Miaka ya 1998 na 1999, msitu huo ulipokuwa unagawanywa kwa wajenzi, yeye na wenzake walikwenda kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na watu waliokodiwa, akapigwa, akapasuliwa kichwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Damu ile ilimwagika ili msitu ubaki wa umma, na umma ni pamoja na mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu zake watano.

Tena Baba Mtakatifu Fransisko, Mungu amrehemu, alipofika hapa jirani Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, alisema wazi juu ya unyakuzi wa ardhi, hata viwanja vya kuchezea vya watoto wa shule. Aliona kwamba kumnyima mtoto maskini mahali pa kuchezea ni dhuluma. Basi Mama uliyeniuliza kuhusu karo, jibu langu ni hili: mtoto anahitaji karo, na anahitaji pia mahali pa kupumua. Kimoja hakiondoi kingine.

Sasa tufanye nini? Mimi na viongozi wa vijana tumekaa, na tunapendekeza hivi:

1. Fundi mmoja wa jumuiya yetu amekubali kuzitengeneza baiskeli zote tano hapa uwanjani, vijana wakiwa wanamsaidia ili wajifunze. Breki kwanza. Baiskeli isiyo na breki mbili haitoki.

2. Kwa wiki nne watoto watajifunza hapa hapa kwenye uwanja wa kanisa, Jumamosi mchana. Wasichana na wavulana sawa. Nawaomba akina mama, tuache kusema baiskeli haimfai msichana.

3. Safari ya kwanza iwe Karura, kwa sababu ina ua, mageti na askari wa msitu. Baiskeli zitabebwa kwa pikapu. Hakuna mtoto atakayeendesha kutoka Kabiro mpaka getini. Watoto kumi, watu wazima wanne, kofia ngumu za kuazima, sanduku la huduma ya kwanza. Wakati watano wanaendesha, watano wanatembea, halafu wanabadilishana.

4. Kuna ada ya kuingia. Tutauliza kiasi kabla ya kupanga siku, na kila jumuiya ichangie kidogo kidogo. Asiwepo mtoto wa kuachwa kwa sababu nyumbani hakuna.

5. Baadaye tuulize kuhusu Msitu wa Ngong Road ulio karibu nasi zaidi. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoshika nafasi yake, inaruhusu wananchi kuunda chama na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu katika kuutunza msitu. Vijana wetu wanaweza kupanda miti kule na kuzitunza njia wanazopitia. Mtu hulinda kile anachokijua.

Ndugu wapendwa, yule kijana aliyeumia nilimtembelea wiki iliyopita nimwombe ruhusa kabla ya kusema habari zake mbele yenu. Alikubali. Halafu akaniuliza kama jina lake linaweza kuandikwa la kwanza. Mama yake alikuwa anapika, akanyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kama ni mahali hakuna matatu, nitakuja pia nimtazame."

Mimi sikutaka kuifungua stoo kwa amri yangu, kama nilivyoifunga kwa amri yangu. Ufunguo nimempa mwenyekiti wa baraza la parokia. Zungumzeni kwenye jumuiya zenu wiki hii, mlete jibu Jumapili ijayo. Mkikataa, nitakubali, ila mtuambie basi watoto wetu wachezee wapi.