Vigawo vya Namba 61,741,120

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyochukua usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti kuwa kipimo chake, iliipatia Tanzania namba 61,741,120, na mhadhara huu unaichunguza si kwa ukubwa wake, bali kwa vigawo vyake, yaani namba nzima zinazoigawa bila kubakiza kitu.

Uchunguzi wa aina hiyo huanza na tarakimu. Wakazi wa Ndanda, Masasi na Newala walihesabiwa mwaka 2012 ndani ya watu 1,270,854 wa Mkoa wa Mtwara. Jumla ya tarakimu za namba hiyo ni 27, na kwa kuwa 10, 100, 1,000 na kuendelea kila moja hubakiza 1 ikigawanywa kwa 9, namba yoyote hubakiza sawasawa na jumla ya tarakimu zake, hivyo namba ya Mtwara inagawanyika kwa 9. Ile ya taifa, yenye jumla ya 22, haigawanyiki hata kwa 3.

Hata hivyo inagawanyika kwa 2 mara sita, kisha kwa 5 na kwa 7, na kinachobaki ni 27,563. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 166 kidogo tu, kwa hiyo, iwapo ina vigawo vingine zaidi ya 1 na yenyewe, kimojawapo lazima kipatikane kabla ya kufika hapo. Nacho ni 43, kinachoacha 641. Hiyo ya mwisho ni namba tasa, yaani haina kigawo ila 1 na yenyewe, jambo linalothibitishwa kwa kujaribu namba tasa hadi 23 pekee. Kwa jumla 61,741,120 ina vigawo 112. Mtoto mmoja zaidi angezifuta namba tasa zote tano zinazoiunda, kwa maana namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Ndiyo maana mtakwimu hawezi kujenga sera juu ya vigawo, ingawa kwa mwanahisabati vina thamani kamili.

Tena 641 ina historia adhimu. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba 2 ikizidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 32, kisha ikaongezwa 1, huleta namba tasa, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler alionyesha kwamba 641 inaigawa namba hiyo; kigawo chake chochote lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, na 641 ni 64 mara 10, kuongeza 1. Mwanafunzi wa sekondari wa Masasi au Newala anaweza kulihakiki jambo hilo kwa kalamu na karatasi, akapata 6,700,417 bila baki, ambayo nayo ni namba tasa.