Kaka si Baba: Kuhusu Kuomba Kusoma Sheria Ng'ambo

(Hotuba iliyotolewa ukumbini mwa hekalu mbele ya wazazi, vijana na majirani, katika juma la maadhimisho)



Kamati imetupa nusu saa tuseme habari ya kuomba nafasi ya kusoma sheria katika nchi za nje. Wapo waliofaa zaidi. Sisi tuliishia kidato cha nne, na tangu hapo tumekaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, tukipima misumari na kuandika madeni. Lakini nyumba yetu imeipita njia hiyo, ikajikwaa, ikapoteza mwaka mzima. Mwenyekiti alituambia kwamba aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo. Basi tutawaonyesha jiwe lilipo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888 kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Porbandar, alikusudia kwenda London kusomea sheria. Wazee wa tabaka lake mjini Bombay walimwita wakamkataza kuvuka bahari, na aliposhikilia nia yake wakamtenga, wakaweka faini ya rupia moja na anna nne kwa yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini. Mama yake alikuwa amekwisha kumpa ruhusa, baada ya kijana kula kiapo mbele ya mtawa wa Kijaini kwamba hatagusa mvinyo, wala mwanamke, wala nyama. Gharama aliahidi kuzibeba kaka yake mkubwa, Laxmidas. Lakini shemeji aliyewekewa fedha hizo aliwaogopa wazee, akakataa kuzitoa, na nauli ikakopwa kwa rafiki wa familia. Tarehe 4 Septemba kijana akapanda meli. Ndiye Mohandas Gandhi.

Kila nyumba ya Kigujarati huipenda hadithi hii, na aghalabu huikatisha hapo, kijana akiwa melini. Sisi tutairudia baadaye, kwa maana sehemu yake ya pili ndiyo yenye faida zaidi kwa wazazi.

Binti wa ndugu yetu mkubwa alipokuwa kidato cha sita alitangaza mezani kwamba anataka kusoma sheria, na kwamba anataka kuisoma Uingereza. Baba yake alikuwa amemkusudia ufamasia. Bibi yake aliuliza kama wanasheria wa kike huolewa. Swali hilo lilijibiwa na mama yake, na jibu lake hatutalichapisha.

Namna ya kuomba yenyewe si ngumu kama watu wanavyovumisha. Vyuo vikuu vya Uingereza hupokea maombi ya shahada ya kwanza kupitia mlango mmoja uitwao UCAS. Mwombaji huchagua kozi zisizozidi 5 katika fomu moja, na hawezi kuomba Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja. Sharti achague moja. Wanaoomba vyuo hivyo viwili hufungiwa mlango tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na wengine wengi mwezi Januari. Vyuo kadhaa, vikiwamo hivyo viwili pamoja na LSE na UCL vya London, hudai mtihani uitwao LNAT: maswali 42 ya kuchagua jibu kwa dakika 95, kisha insha moja kwa dakika 40. Mtihani huo haumuulizi mtoto kifungu chochote cha sheria. Humpa habari ya kusoma, kisha humuuliza mwandishi amesema nini, amedhani nini bila kusema, na hoja yake imesimama juu ya nini. Asiye na mazoea ya kusoma hawezi kuyapata kwa wiki mbili za kukariri. Kuhusu cheti cha kidato cha sita, vyuo havifanani: vingine hukikubali, vingine hutaka mwaka wa maandalizi kwanza. Kila chuo kiulizwe chenyewe, kwa maandishi.

Palikuwapo na barua ya kujieleza, herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Siku hizi imegawanywa katika maswali matatu, lakini kazi ni ile ile. Hapa tulifanya kosa la kwanza. Tulimlipa wakala mmoja, naye akaleta barua tayari, Kiingereza chake kikang'aa kama bati jipya. Binti aliisoma akatuuliza, kwa adabu, ni msichana gani aliyeandikwa humo. UCAS hulinganisha barua kwa kompyuta, na zinazofanana hujulikana. Lakini hilo tulilijua baadaye. Yeye aliikataa kwa sababu tu haikuwa yake.

Aliandika ya kwake kwa siku tisa. Alieleza kwamba alipokuwa na miaka 13 alikaa dukani kwetu wakati wa likizo, akamwona fundi mwashi akiweka dole gumba kwenye karatasi ya mkopo wa saruji. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Fundi hakujua Kiingereza. Aliuliza imeandikwa nini, akaambiwa, ni kawaida tu, weka hapa. Binti aliandika kwamba tangu siku ile alitaka kujua kama mtu hufungwa na maneno asiyoweza kuyasoma.

Ndugu zangu, karatasi ile ilikuwa yetu, na aliyesema "ni kawaida tu" ndiye anayesimama mbele yenu. Tuliisoma barua, tukanyamaza, tukairudisha mezani. Baba yake alisema iondolewe sehemu ile, isije ikatuaibisha mbele ya watu wa Ulaya. Sisi tulisema ibaki. Karatasi za mkopo za duka letu sasa ni za Kiswahili.

Alipata nafasi. Tulisambaza pipi mtaa mzima, majirani wengine mlizila. Kisha ikaja habari ya viza, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa ndipo jiwe lilipo.

Serikali ya Uingereza humtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba anazo fedha za ada ya mwaka wa kwanza na za kujikimu kwa miezi 9. Kiwango cha London ni kikubwa kuliko cha miji mingine. Fedha hizo sharti zikae katika akaunti siku 28 mfululizo, zisipungue hata siku moja chini ya kiwango, na taarifa ya benki isiwe imeishia zaidi ya siku 31 kabla ya siku ya kuomba. Tena akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi wake wa kisheria.

Sisi tunaishi kwa chungu kimoja. Tangu ndugu yetu mkubwa apatwe na kiharusi, fedha za nyumba zimekaa katika akaunti yenye jina la mdogo mtu, yaani sisi. Hatukuona tatizo. Tulimshika mtoto huyo siku ya kuzaliwa, ada zake zote tangu chekechea tumezilipa sisi, na anatuita kaka. Majirani zetu Waswahili wameshangaa mara nyingi kumsikia, kwa sababu kwao kaka ni ndugu wa kiume aliyekuzidi umri, na kwetu Wagujarati kaka ni ndugu wa baba. Lakini mbele ya kanuni hii makaka wote wawili ni sawa: fedha zao hazihesabiwi. Hata fedha za Laxmidas zisingemvusha Gandhi leo.

Tulilijua jambo hilo mwezi Agosti. Tukazihamisha fedha zote siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya baba yake, tukaanza kuhesabu siku. Siku ya 19 kontena letu la mabati likafika bandarini, ushuru ukadaiwa, na mteja mmoja mkubwa alikuwa hajalipa. Kwenye akaunti ile ya ndugu yetu tunayo saini. Tukaazima humo kwa siku mbili, tukarudisha zote, hata senti haikupungua. Mfanyabiashara hujua kwamba fedha iliyolala imekufa. Tumeishi kwa kuizungusha.

Binti alichukua taarifa ya benki, akaipitia kwa penseli kama anavyopitia kila kitu, akaiweka juu ya kaunta. Alikuwa amepigia mstari tarehe mbili. Hakusema neno. Hesabu ilibidi ianze upya kutoka siku ya kwanza, na siku 28 mpya zilivuka tarehe ya mwisho ya kuripoti chuoni. Chuo kilikubali kumwekea nafasi hadi mwaka uliofuata. Hakuna ofisi ya kulaumiwa, wala benki, wala wakala. Kanuni ilikuwa imeandikwa wazi, nasi hatukuisoma, kama fundi yule; tofauti ni kwamba sisi tulijua kusoma.

Wazazi, andikeni basi. Fedha ziwe kwenye jina sahihi miezi mitatu kabla, na ziwe zaidi ya kiwango, kwa maana zikiwa za shilingi hubadilishwa kwa bei ya siku ile, na shilingi ikiteleza kidogo mtoto ameanguka. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachothibitisha kwamba huyu ni baba wa huyu. Majina yetu yana mikia: kwenye cheti cha mtoto baba ameandikwa bila "bhai", kwenye pasipoti yake ana "bhai". Kwetu ni mtu mmoja; kwa afisa asiyetufahamu ni wawili. Rekebisheni mapema, kwa hati ya kiapo au kwa kusahihisha cheti chenyewe. Upo pia uchunguzi wa kifua kikuu katika kituo walichokiidhinisha, na malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, yanayolipwa kwa mkupuo kwa muda wote wa viza. Familia nyingi husahau malipo hayo kwa kuwa hayamo katika barua ya chuo.

Sasa ule mwaka. Binti hakutaka kukaa dukani, na hatukuthubutu kumlazimisha. Jirani yetu, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye amekaa pale nyuma na hapendi kutajwa, alimwambia aende akakae mahakamani asikilize, kwani kesi husikilizwa hadharani. Akaenda Mahakama ya Mwanzo, akarudi jioni ya kwanza amenywea. Msichana mwenye alama za juu za Kiingereza hakuwa ameelewa nusu ya yaliyosemwa. Mdai, mdaiwa, hati ya madai, shauri la madai, pingamizi, kukazia hukumu: maneno haya hayakuwamo katika Kiswahili chetu cha dukani. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Anayekwenda kuisoma sheria kwa Kiingereza ajue kwamba atarudi kuitetea kwa Kiswahili. Karani wetu alimfundisha jioni tatu kila wiki, na malipo aliyokubali kupokea ni chai na ganthia tu.

Hapo tukairudie hadithi ya Gandhi. Alisajiliwa kuwa wakili London mwezi Juni 1891, akapanda meli kurudi. Alikuwa amesoma sheria za Uingereza, lakini sheria za Kihindu na za Kiislamu, ambazo ndizo watu wa kwao walizishtakiana, hakuzijua. Katika kesi yake ya kwanza Bombay alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, hakupata hata swali moja. Akaketi, akarudisha rupia 30 za ujira wake.

Kwa hiyo swali la kwanza katika nyumba liwe, mtoto huyu atasimama katika mahakama ya nchi gani? Chuo kije baadaye. Akikusudia kurudi, Uingereza si chaguo baya, kwa sababu sheria zetu zina mizizi huko tangu tarehe 22 Julai 1920, na sheria yetu ya mikataba ni mtoto wa sheria ya India ya 1872. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 hatafundishwa huko. Shahada yake itapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha asome katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo aapishwe kuwa wakili. Shahada peke yake haimfanyi mtu wakili, si huko wala hapa. Akikusudia Marekani, huko sheria husomwa baada ya shahada nyingine, na gharama ni ya miaka saba. Na msione haya kuuliza kwa nini aende kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Tungekuwa tumelijua hilo mapema, huenda mjadala wa mezani kwetu ungekuwa mwingine. Binti anasema usingekuwa mwingine.

Yuko mwaka wa pili. Kila Diwali hupiga simu, huzungumza na bibi yake kwa Kigujarati, na karani wetu kwa Kiswahili cha mahakama, na sisi hutuuliza kama karatasi za mkopo bado ni za Kiswahili.

Kamati imetupatia chumba kidogo kando ya maktaba, kila Jumapili baada ya arati. Mzazi yeyote, wa hekalu au wa mtaa, aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasipoti, na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Karani wetu amekubali kukaa nasi. Chai ipo.