Umeme wa Hewani: Unatosha Kipimajoto, Hautoshi Simu



Kwa familia isiyo na stima, kuchajisha simu ni gharama ya kila wiki. Ndiyo maana maneno ya muuzaji anayedai kifaa chake kinajaza simu kwa mawimbi ya redio yaliyo hewani, bila waya wala sola, huingia masikioni haraka. Ugumu wa kumjibu ni kwamba sehemu ya maneno yake ni kweli.

Mawimbi ya redio ni nguvu. Redio za kwanza zilizotumia kipande cha madini hazikuwa na betri. Sauti iliyosikika kwenye kisikizi ilitokana na nguvu ya kituo chenyewe. Leo pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017, ina chipu isiyo na betri. Inaamka inaposogezwa karibu na mashine ya kuisoma. Lakini mashine hiyo hutuma nguvu makusudi, tena kwa umbali wa sentimita chache. Kuokota mawimbi yanayopita tu ni kazi nyingine.

Kifaa cha kuyaokota ni chepesi kueleza. Antena hunasa wimbi, diodi hugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja, kisha kapasita huuhifadhi kidogo kidogo. Mwenye mnara hapotezi chochote, kwani mawimbi hayo yangeishia kwenye kuta na miti.

Swali ni kiasi. Mwaka 2009 watafiti mjini Seattle, Marekani, walielekeza antena kwenye mnara wa televisheni uliokuwa kilomita 4 hivi kutoka kwao, wenye nguvu ya kilowati 960. Walipata maikrowati 60. Maikrowati moja ni sehemu moja ya milioni ya wati. Kiasi hicho kiliendesha kipimajoto chenye kioo kidogo cha kuonyesha namba.

Sasa ichukuliwe simu ya kawaida, ambayo betri yake hubeba kama wati 15 za saa moja. Kwa maikrowati 60 ingehitaji saa 250,000, yaani zaidi ya miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku simu ilipowekwa angeoa kabla haijajaa. Na hiyo ni kama simu imezimwa na haipotezi chaji, jambo lisilowezekana.

Umbali nao ni adui. Mahali pa wazi, ukienda mbali na mnara mara mbili, nguvu inabaki robo. Watafiti wa Imperial College walipopima nje ya vituo 270 vya treni za chini ya ardhi London, mwaka 2012, zaidi ya nusu ya maeneo yalifaa kwa vifaa vyao vidogo. Lakini London imejaa minara. Kijiji chenye mnara mmoja ng'ambo ya kilima hakiwezi kutegemea hesabu hiyo.

Hata hivyo, teknolojia hii si ya kutupwa. Gharama ya vipimo vingi visivyo na waya, kama vile mita za maji au vipima unyevu wa udongo, ni ya mtu wa kwenda kubadilisha betri moja baada ya nyingine. Kipimo kinachokusanya nguvu kidogo kidogo, kikaamka, kikatuma namba moja kisha kikalala, huondoa safari hizo na taka za betri. Haba na haba hujaza kibaba. Chuo Kikuu cha Washington kilionyesha mwaka 2017 hata simu isiyo na betri, iliyotumia maikrowati 3.5, ila haikuweza kwenda zaidi ya mita 15 hivi kutoka kituo chake maalumu.

Shambani, jua linashinda. Kipande cha paneli cha sentimita moja ya mraba, kwenye jua kali, hutoa kama maikrowati 20,000. Mawimbi ya redio yana nafasi pale ambapo jua halifiki na mnara uko karibu, kama ndani ya jengo la mjini.

Anayetaka kununua kifaa cha "chaji ya hewani" amwombe muuzaji akiunganishe na simu iliyokwisha chaji, mbali na soketi na jua, wote wawili wasubiri nusu saa wakitazama asilimia. Kifaa kilichofunguliwa kikakutwa na betri ndani kilichajiwa kwingine. Atazame pia alama ya KEBS, na aulize kama kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Aliyekwisha kulipa ahifadhi risiti, ujumbe wa M-Pesa na kifungashio, kwa kuwa atavihitaji akipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani.