Kageye: Kijiji Kilichokuwa Mlango wa Ziwa

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Kiseke)



Ndugu zangu viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wajumbe wa Halmashauri ya Walei, nimeombwa kuzungumza juu ya historia ya kijiji kimoja cha kwetu, nami nimekichagua Kageye. Kijiji hiki ni jirani yetu. Mtu akitoka hapa Kiseke alfajiri aweza kufika huko na kurejea siku hiyo hiyo. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Karibu yote yanayosomwa kuhusu Kageye ya zamani yaliandikwa na wageni waliokaa pale majuma machache, kisha wakapanda mashua wakaenda zao. Wenyeji waliobaki hawakuulizwa, na wapagazi waliofia pale hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Kwa Tume ya Haki na Amani jambo hilo si dogo.

Kageye kipo katika Wilaya ya Magu, kwenye ufuko wa kusini wa Ghuba ya Speke. Ng'ambo yake, upande wa kaskazini, ni Ukerewe. Nchi yenyewe mnaijua, kwa maana ni ndugu ya nchi hii ya kwetu: vilima vya matale, mawe yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono, chini ya mawe udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, unaofaa mihogo, viazi na karanga, na bondeni mbuga nyeusi, ambayo mvua ikinyesha hugeuka majaruba ya mpunga. Mkulima wa Kisukuma alikuwa na jina kwa kila tabaka la udongo toka kilimani hadi bondeni muda mrefu kabla mabwana shamba hawajaleta ramani zao. Ufukweni hukutana Wasukuma, Wakerewe, Wakara na Wajita, kwa kuwa samaki hawaulizi kabila.

Ni kwa nini kijiji kama hicho kilijulikana hata Ulaya? Ni kwa sababu ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipanda hadi Unyanyembe, yaani Tabora, na kutoka huko tawi moja lilikata Usukuma kuelekea ziwani. Wengine walipita moja kwa moja katika nchi kavu, kama tutakavyoona. Walipofika Kageye ardhi iliwaishia. Aliyetaka kwenda Ukerewe au Buganda ilimbidi apate chombo, na aliyepata chombo alihitaji kumshirikisha mkuu wa kijiji. Hapo ndipo Kageye kilipopata nguvu yake, na hapo pia ndipo kilipopata doa lake.

Tarehe 27 Februari 1875 aliingia Henry Morton Stanley. Alikuwa ametoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300. Baada ya mwendo wa siku 103 alihesabu Waungwana na wapagazi 166 pamoja na Wazungu 3. Waliopungua walikuwa wamekufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa mapigano yaliyotokea huko Ituru, na wengine walitoroka. Wala siwalaumu waliotoroka. Mabegani mwao walikuwa wamebeba vipande vya mashua iitwayo Lady Alice. Vipande viliunganishwa pale Kageye, na tarehe 8 Machi Stanley akaondoka na mabaharia wachache kulizunguka ziwa. Kundi kubwa lilibaki kijijini chini ya ulinzi wa mkuu Kaduma.

Aliporudi tarehe 6 Mei, alikuta kijana Mwingereza Frederick Barker amekwisha kufa. Kila kitabu cha safari ile chataja kifo hicho. Lakini pamoja naye, katika majuma yale yale, walikufa Waungwana kadhaa kwa kuhara damu na homa, na mmoja wao alikuwa Mabruki. Nawaomba mlikumbuke jina hilo. Mabruki alisafiri na Burton na Speke mwaka 1857 hadi 1859, akasafiri tena na Speke na Grant mwaka 1860 hadi 1863, akawa na Stanley mwaka 1871 katika kumtafuta Livingstone. Miaka karibu 18 aliipima nchi hii kwa miguu yake. Na vitabuni anaitwaje? Anaitwa Mabruki Speke. Ghuba imepewa jina la mgeni, na mtu aliyembebea mgeni mizigo naye amepewa jina lile lile, kana kwamba hakuzaliwa na mama yake.

Sasa nije kwenye lile doa, kwa kuwa historia inayosimulia mabaya ya wageni peke yao si historia ya kweli. Stanley alimkuta Kageye mfanyabiashara kutoka pwani aliyeitwa Songoro, ambaye alikuwa akijenga jahazi. Huyo alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watu, na mlango wake wa kwenda Ukerewe na visiwa vingine ulikuwa Kageye. Hakuishi pale kwa siri. Aliishi kwa ridhaa ya wakuu, alinunua vyakula vya wenyeji, na bila shaka kitambaa chake kilivaliwa na wenyeji. Mateka walipita mbele ya milango ya watu. Tusichanganye, hata hivyo, mtumwa na mpagazi. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wa hiari waliolipwa, na kijana aliyekwisha kuiona bahari alirudi nyumbani akiwa mtu wa heshima. Lakini katika njia moja walipita wote wawili, anayelipwa na aliyefungwa, na mtazamaji wa Kageye aliwajua kwa macho.

Wamisionari nao waliingia kwa mlango huo huo. Waanglikana wa Church Missionary Society walifika Januari 1877. Mmoja wao, daktari John Smith, alifariki Kageye mwezi Mei mwaka huo. Wenzake wawili, Shergold Smith na Thomas O'Neill, walinunua jahazi la Songoro, na mwezi Desemba wakauawa Ukerewe pamoja na Songoro mwenyewe, katika ugomvi uliokuwapo kati yake na Mtemi Lukonge. Kisha wakaja Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Tarehe 20 Januari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye kwa mtumbwi, wakashuka karibu na Entebbe tarehe 17 Februari. Padre Livinhac, Padre Girault na Padre Barbot walisubiri Kageye mpaka Kabaka Mutesa alipotuma mitumbwi kuwachukua, wakafika Buganda mwezi Juni. Kwa hiyo mapadre waliowafundisha dini mashahidi wa Uganda walikula ugali wa Kageye kabla hawajaiona Buganda.

Walirudi. Novemba 1882 waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakiwa na watoto waliokombolewa utumwani, wakavuka ziwa hadi Kageye, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi kusini ya Mwanza. Hapa pana jambo ambalo katika mahubiri hulipita upesi. Kumkomboa mtoto maana yake ilikuwa kumnunua. Mtoto alipata uhuru, lakini kitambaa au shanga ziliingia mkononi mwa muuzaji, naye aliweza kurudi kutafuta wengine. Mapadre wale walilijua tatizo hilo, na mbele yao alikuwapo mtoto mwenye kamba shingoni. Mimi sithubutu kuwahukumu. Ninachosema ni kwamba mnunuzi mwema hakuifunga biashara ile.

Kageye kilipoteza umuhimu wake haraka. Wajerumani waliweka boma lao Mwanza. Reli ya Waingereza ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikavuta biashara upande huo. Mwaka 1928 reli ya Tabora ikafika Mwanza. Msafara wa miguu ukawa hadithi. Kageye kikarudi kwenye pamba, mihogo na samaki. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na kotekote Usukuma watu waliacha miji yao ikawa mahame, pamoja na makaburi ya wazee wao. Mzee anayejua kaburi la babu yake lipo chini ya mti upi ni hazina, na hazina hiyo haiandikwi mahali popote.

Sisi wa Kiseke tunaelewa. Hapa palikuwa mashamba. Jiji likaja, mashamba yakawa viwanja, na vijana wetu leo hawajui kilima kipi kiliitwaje. Kageye bado ni kijiji. Kina Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji sauti juu ya ardhi yao, pamoja na sehemu wanazotaka zihifadhiwe. Ipo pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Wageni wakija kutazama mahali pa kale, ni haki wanakijiji wawe wasimuliaji, na fedha ya wageni ionekane kijijini.

Sasa tutagawanyika katika vikundi. Kila kikundi kijiulize: katika mtaa wetu ni mzee gani aliyekuwapo kabla ya viwanja, na ni nani atakayemwendea mwezi huu? Na je, leo ni watu gani wanaopita mbele ya milango yetu wakiwa wamefungwa, mabinti wanaoletwa mjini kufanya kazi za ndani bila mshahara, watoto wanaotumikishwa mialoni, nasi tunawauzia vyakula waliowaleta? Makatibu, tafadhali andikeni majibu ya wazee kwa maneno yao wenyewe. Kama wamesema kwa Kisukuma, yaandikwe kwa Kisukuma.